Afisa wa ndani, wakala au mshauri: nani akubebee kazi ya mawasiliano?

Taasisi nyingi hulifikia swali hili zikiwa zimeshachelewa kidogo. Kampuni imekua, shirika limepata wafadhili wapya, au chuo kimeanza kuandikwa vibaya, na kwenye kikao cha menejimenti mtu mmoja anasema, "Tunahitaji mtu wa PR," yaani wa uhusiano wa umma. Wote wanaafiki. Ubishi unaanza pale inapoulizwa ni mtu gani. Mhasibu anaona mshahara mwingine wa kudumu. Mkuu wa masoko ana wakala anayemfahamu, yaani kampuni ya nje inayofanya kazi hiyo kwa malipo. Mkurugenzi anamkumbuka mhariri mstaafu aliyewahi kumsaidia kuandika hotuba.

Njia zote tatu hufanya kazi, na zote huweza kula fedha bila kuacha alama. Tofauti huletwa na swali ambalo watu huliruka: kwenu habari hukwama wapi? Kuna taasisi ambazo habari hukwama ndani: watu wa uzalishaji wanajua, mkurugenzi hajui, na msemaji analisikia jambo kutoka kwa mwandishi. Kuna ambazo habari hukwama mlangoni: mambo mazuri yapo, takwimu zipo, ila hakuna mhariri anayewafahamu. Na kuna ambazo hukwama juu: kila mtu anajua kinachopaswa kusemwa, isipokuwa bosi hataki kukisema. Ukiliweka swali hilo kando, utaajiri mtu mzuri kwa tatizo ambalo si lako.

Nitazipima njia hizi kwa vigezo vilevile: zinavyoijua taasisi kwa ndani, zinavyofika kwenye vyombo vya habari, zinavyosimama siku ya janga, zinavyozungumza na wafanyakazi, zinavyolipwa, uhuru wao wa kumkatalia bosi, na namna kazi yao inavyopimwa.

Kuijua taasisi kwa ndani

Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa afisa wa ndani ana faida ambayo fedha hainunui kirahisi. Anakula chakula cha mchana na madereva na watu wa ghala. Anajua mashine ipi imekuwa ikisumbua tangu mwezi uliopita, na anajua ni mkuu gani wa idara husema "hakuna tatizo" wakati tatizo lipo. Ila faida hiyo hutegemea anakaa wapi kwenye muundo wa uongozi. Arthur W. Page alipojiunga na kampuni ya simu ya Marekani AT&T mwaka 1927 akiwa makamu wa rais, aliingia kwa sharti la kuwa na sauti katika sera za kampuni; hakutaka kuwa mtu wa kupamba maamuzi ambayo wengine wameshayapitisha. Afisa anayeripoti kwa mkuu wa masoko, ambaye naye anaripoti kwa naibu mkurugenzi, hupokea habari ikiwa imeshachujwa mara mbili. Huyo ana kadi ya kazi ya ndani na ujuzi wa mtu wa nje.

Wakala hujua kile unachomwambia. Walio makini huomba kutembelea eneo la kazi, huzungumza na watu wa chini, na husisitiza wapewe mtu mmoja wa kuwasiliana naye. Shida ni kwamba yule ofisa wao aliyeanza kukuelewa huhamishiwa kwa mteja mwingine au huacha kazi, na masomo yanaanza upya.

Mshauri wa kujitegemea huijua taasisi kupitia macho ya bosi. Hilo ni zuri kwa mkakati. Kwa mambo ya huko chini kwa wafanyakazi, asichokiona bosi naye hakioni.

Kuvifikia vyombo vya habari

Mambo hugeuka hapa. Wakala anazungumza na wahariri kila siku kwa niaba ya wateja tofauti, kwa hiyo anajua dawati lipi linafunga kurasa saa ngapi, nani amehamia wapi, na kwa nini habari yako ya uwekezaji haifai kupelekwa kwa mwandishi wa afya. Anajua pia kitu ambacho taasisi nyingi hazikubali kukisikia: kwamba uzinduzi wa nembo mpya si habari kwa yeyote asiyelipwa na ninyi. Unapofanya naye mazungumzo, uliza jambo moja la kukera. Mahusiano hayo na wahariri ni ya nani hasa? Mara nyingi ni ya mtu mmoja aliyemo ndani ya wakala, na akiondoka anaondoka na simu yake.

Afisa wa ndani huwajua waandishi wachache, lakini huwajua vizuri, wale wanaoandika sekta yenu. Akikaa miaka kadhaa na asiwadanganye, wanaanza kumpigia yeye kabla ya kuchapisha. Mwandishi aliyebanwa na muda humpenda mtu anayeweza kwenda ofisi ya pili, kuhakikisha takwimu na kurudi na jibu.

Mshauri ana daftari lake la majina, na thamani ya daftari hilo hutegemea lilijazwa lini. Mhariri mstaafu anaweza kukupatia kikao na mhariri mkuu kwa simu moja, kisha akashindwa kukuambia video fupi isambazwe wapi.

Yeyote kati ya hawa akikuahidi ukurasa wa mbele, ahirisha mkataba. Ukurasa wa mbele ni wa mhariri.

Siku ya janga

Kigezo hiki ndicho watu hukifikiria mwisho, na ndicho kingepaswa kuamua mengi. Tuchukue mfano wa kubuni. Saa nane mchana mwandishi anapiga simu: amesikia kuna wafanyakazi wamekimbizwa hospitali kutoka kwenye ghala lenu, na anataka jibu kabla ya saa kumi na moja. Mtu wa mawasiliano anaandika:

"Leo saa sita mchana wafanyakazi wetu watatu walivuta mvuke wa kemikali ndani ya ghala letu. Wanatibiwa hospitalini na familia zao zimearifiwa. Tumelifunga ghala hadi ukaguzi ukamilike. Tutatoa taarifa nyingine saa moja jioni."

Sentensi nne, na hakuna ya ziada. Rasimu inakwenda kwa mwanasheria, anafuta "kemikali". Inakwenda kwa rasilimali watu, wanaondoa idadi. Mkuu wa uzalishaji anaona "walivuta" ni neno kali, anaweka "tukio". Mkurugenzi anaongeza utambulisho wa kampuni. Saa moja jioni, muda ambao taarifa ya pili ilipaswa kutoka, ya kwanza ndiyo inatoka:

"Kampuni, ambayo ni kinara katika sekta yake, inapenda kuujulisha umma kuwa kumetokea tukio ambalo limedhibitiwa. Kampuni inasikitishwa na usumbufu wowote uliojitokeza."

Wakati huo picha za gari la wagonjwa zimeshazunguka kwenye makundi yote ya simu, na idadi imekuwa kumi na wawili.

Nani angeiokoa rasimu ya kwanza? Afisa wa ndani anaweza kuingia ofisi ya mwanasheria na kusimama pale mpaka waelewane. Anajua kwamba hofu halisi ya mwanasheria ni kukiri kosa, na kwamba kueleza kilichotokea si kukiri kosa. Udhaifu wake ni kwamba yuko peke yake, simu hazikatiki, na pengine waliojeruhiwa ni rafiki zake. Wakala ana mikono: mmoja anafuatilia mitandao, mwingine anapokea simu, wa tatu anaandika. Ana mipango ya dharura aliyoiandaa mapema, kama ulimlipa aiandae. Lakini asipojua nani ana mamlaka ya kuidhinisha, mikono yote hiyo inakaa ikisubiri barua pepe. Mshauri hukaa ubavuni kwa mkurugenzi na kumwambia, "Itoke hivihivi." Ana uzito wa kusikilizwa. Simu za waandishi hawezi kuzipokea zote.

Kesi inayotajwa kila mahali, ya Johnson & Johnson na dawa yake ya maumivu, Tylenol, mwaka 1982, husimuliwa kana kwamba kampuni iliokolewa na bosi jasiri tu. Watu saba walikufa eneo la Chicago baada ya mtu kutia sianidi kwenye vidonge vilivyokuwa madukani. Kampuni iliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31, hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Kinachonivutia ni mgawanyo wa kazi. Siku za kwanza, makamu wa rais wa uhusiano wa umma, Lawrence Foster, mtu wa ndani aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, alikuwa na njia ya moja kwa moja kwa mwenyekiti James Burke. Ulipofika wakati wa kuirudisha dawa sokoni ikiwa na vifungashio vinavyoonyesha vikichezewa, wakala Burson-Marsteller walisimamia mkutano wa waandishi uliounganishwa kwa setilaiti katika miji mingi kwa wakati mmoja. Mtu wa ndani alihakikisha habari haikwami ndani, wakala akaifungulia mlango.

Halafu ipo kesi ya kampuni ya mafuta ya BP mwaka 2010. Jukwaa la kuchimba mafuta baharini la Deepwater Horizon lililipuka tarehe 20 Aprili na wafanyakazi 11 wakafa. Kampuni yenye ukubwa ule haikukosa watu wa mawasiliano. Pamoja na hayo mkurugenzi wake, Tony Hayward, aliwaambia waandishi kwamba angependa kupata maisha yake tena. Kabla mwaka kwisha nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na mwingine. Tatizo likiwa juu, kuongeza mikono chini hakulitibu. Hapo ndipo mshauri mmoja anayesikilizwa anaweza kuwa na thamani kuliko idara nzima.

Kuzungumza na wafanyakazi

Wengi huajiri kwa ajili ya nje na kusahau ndani, kana kwamba kuna ukuta katikati. Ukuta huo haupo tena. Aprili 2017, abiria wa United Airlines alipoburutwa kutoka kwenye ndege huku wenzake wakimrekodi, taarifa ya kwanza ya mkurugenzi Oscar Munoz iliomba radhi kwa lugha ya kiofisi, ya kulazimika kuwapangia wateja safari nyingine. Siku hiyohiyo barua yake kwa wafanyakazi ilimweleza abiria kuwa mkorofi. Barua ikavuja. Kwa hiyo dunia ilisoma matoleo mawili ya tukio moja kutoka kwa mtu mmoja, na radhi ya kweli ilipokuja kesho yake ilikuwa ya kufukuzia. Mwezi mmoja kabla, jarida la PRWeek lilikuwa limemtunuku Munoz heshima ya mwanamawasiliano bora wa mwaka. Sisemi zaidi.

Kwenye kazi hii afisa wa ndani yuko mbele kwa mbali, kwa sababu anaijua lugha ya watu wake na anasikia wanavyoipokea barua dakika tano baada ya kutumwa. Wakala anaweza kukuandikia jarida zuri la wafanyakazi, ambalo watalitambua mara moja kuwa limeandikwa na mtu asiyewajua. Mshauri husaidia zaidi pale unapokuja uamuzi mgumu, kupunguza watu au kufunga tawi: anaisoma barua ya ndani kwa jicho la mwandishi atakayeipata ikivuja.

Fedha

Kwa afisa wa ndani unalipa mshahara, kuwe na kazi au kusiwe nayo, na juu yake vifaa, mafunzo na mtu wa kushika nafasi akienda likizo. Wakala hulipwa ada ya kila mwezi au kwa mradi, na unachonunua kwa kweli ni saa za watu. Andika kwenye mkataba ni saa ngapi na za nani, maana wanaokuja kuwasilisha zabuni ni wakubwa wenye suti, na wanaofanya kazi baadaye ni vijana waliomaliza chuo juzi. Vijana hao wengine ni hodari sana, lakini bei uliyopewa ni ya wakubwa. Mshauri hulipwa kwa siku au kwa kazi, hana ofisi ya kugharamia, na akiugua huna mbadala.

Uhuru wa kumkatalia bosi

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 1906 treni ilitumbukia majini kutoka darajani huko Atlantic City, Marekani, na kuua watu zaidi ya 50. Mazoea ya kampuni za reli zama hizo yalikuwa kufunika ajali. Ivy Lee, mtu wa kutoka nje aliyekodiwa na Pennsylvania Railroad, aliwashawishi watoe taarifa iliyoandikwa na wawasafirishe waandishi hadi eneo la tukio. Taarifa ile hutajwa mara nyingi kuwa taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari. Mwajiriwa wa reli angepata ujasiri ule? Pengine, lakini mshahara wake ungekuwa mezani.

Hata hivyo kuwa mtu wa nje peke yake hakuleti uadilifu. Bell Pottinger, wakala mkubwa wa Uingereza, aliifanyia kazi kampuni ya familia ya wafanyabiashara ya Gupta nchini Afrika Kusini kwa kampeni iliyochochea chuki za rangi. Septemba 2017 alifukuzwa kwenye chama cha taaluma cha PRCA, na siku chache baadaye akawekwa chini ya usimamizi wa ufilisi. Wateja wengine, ambao hawakuhusika kwa lolote, walilazimika kujitenga naye haraka. Kwa wakala, basi, unachunguza mambo mawili: anamhudumia nani mwingine, mshindani wako akiwemo, na kazi gani amewahi kuikataa. Asiye na jibu la swali la pili huenda atakubali lolote, pamoja na lile litakalokuangamiza.

Mshauri ana uhuru mkubwa zaidi akiwa na wateja kadhaa. Akiwa na mteja mmoja tu, ambaye ni wewe, amekuwa mwajiriwa asiye na bima.

Kupima kazi

Mwaka 2010 wataalamu wa upimaji wa mawasiliano walikutana Barcelona na kukubaliana kanuni kadhaa, mojawapo ikiwa kwamba gharama ya tangazo lenye ukubwa sawa na habari iliyotoka si kipimo cha thamani ya mawasiliano. Bado utaletewa ripoti za namna hiyo, na mara nyingi ni wakala anayezileta, zikiwa zimejaa vipande vya magazeti na tarakimu ndefu mwishoni. Afisa wa ndani naye ana ugonjwa wake, wa kuhesabu shughuli: mikutano mitano, taarifa kumi, machapisho mia. Mshauri mara nyingi haleti chochote, akitegemea kwamba mkurugenzi anamkubali.

Kwa wote watatu, kubalianeni kabla ya kusaini ni nani mnataka afanye nini. Mnataka waombaji wa kazi wenye sifa waongezeke? Malalamiko ya bili yapungue? Waandishi waulize kabla ya kuandika? Hayo yanahesabika, na hali ya leo ipimwe kabla kazi haijaanza.

Kwa hali yako

Kama mna wafanyakazi wengi, matawi, na mambo ya hatari kama kemikali, fedha za watu au afya, anza na afisa wa ndani na umpe mlango wa mkurugenzi. Asiye na mlango huo msimwajiri, mtamchosha bure.

Kama ninyi ni wadogo na mna jambo moja kubwa linalokuja, bidhaa mpya au kuhamia soko jipya, wakala kwa mkataba wa miezi michache anatosha. Mteueni mtu mmoja wa ndani mwenye mamlaka ya kuidhinisha, na wa pili wa kushika nafasi yake asipopatikana.

Kama taarifa zenu huandikwa vizuri halafu zikafia kwenye meza ya bosi, tafuteni mshauri ambaye bosi mwenyewe anamheshimu. Mkimchagua ninyi bila yeye, ataishia kunywa chai mapokezi.

Taasisi ya umma au shirika linaloishi kwa fedha za wafadhili lina wajibu wa kujibu maswali kila wiki, na kazi ya kila wiki haifai kukodiwa. Ajiri, kisha kodi wakala kwa kampeni tu.

Mkiwa na uwezo wa kuchanganya, mchanganyiko unaoniridhisha zaidi ni afisa mmoja wa ndani mwenye nguvu pamoja na wakala anayeitwa kwa kazi maalumu, na mipaka yao iandikwe: nani anazungumza na waandishi, nani anaidhinisha, nani anaamka usiku. Usipoandika, kila mmoja atadhani simu imepokewa na mwenzake.

Na kama bado hamjui habari zenu hukwama wapi, chukueni taarifa tatu za mwisho mlizotoa kuhusu jambo baya. Kwa kila moja andikeni saa: jambo lilipojulikana na mtu wa kwanza, lilipomfikia mkurugenzi, rasimu ilipoandikwa, ilipoidhinishwa, ilipotoka, na ilipochapishwa na chombo cha kwanza. Pengo likiwa refu kati ya nyakati mbili za mwanzo, ajirini. Likiwa kwenye idhini, mshauri. Likiwa baada ya taarifa kutoka, pigieni wakala.